Bamba la Oreke

Watu wanaokimbia na habari njema huwa siwaamini. Habari mbaya ina haki ya kukimbia. Njema inaweza kutembea taratibu ikafika nzima. Lakini nani amwambie Sungat, kijana wetu wa maabara, hayo.

Siku ile alitoka chumba cha majaribio bila koti, akakata uwanja kwenye theluji kuelekea jengo la ofisi, na baridi ilikuwa ile inayouma mpaka mizizi ya meno. Nilimwita. Mimi ndiye mwenye tanuri, mimi ndiye niliyelilehemu lile bamba, na kama kuna habari yake nilistahili kuisikia kabla ya mtu mwingine. Hakugeuka. Basi nikamfuata mbiombio na umri wangu huu, nikihema kama ng'ombe mwenye mimba, huku nikimtukana kimoyomoyo.

Kazi yetu ni hii. Nyuma ya mistari ya miti ya popla kuna jengo lenye mashine tunayoiita Pete, maana tumbo lake ni la mviringo. Humo ndani watu wa sumaku huwasha moto wa aina ya jua, ule wa kuunganisha hidrojeni, siyo wa kupasua urani. Moto huo unaning'inizwa hewani na sumaku usiguse kitu, isipokuwa chini, pale unapomwaga joto lake. Pale panahitaji sakafu, na sakafu ndiyo sisi. Juu vigae vya tungsteni, chini bomba la shaba linalopitisha maji, katikati lehemu ya kuvishikanisha, na vyote pamoja ndivyo bamba. Tungsteni haiyeyuki ovyo na shaba haichelewi kupitisha joto. Ila zikipata moto moja hutanuka sana na mwenzake kidogo, kama ndoa kadhaa ninazozijua mtaani kwetu, na lehemu ikiwa na dosari ya unywele tu, kigae kinabanduka. Kikibanduka, sakafu inatoboka, maji yanaingia motoni, na Pete inalala miezi.

Mkuu wetu ni Orazgali, lakini kwetu mtu mzima hatajwi jina lake lote, kwa hiyo ni Oreke. Alizaliwa kijiji cha nyikani, miaka ile serikali ya zamani ilipokuwa ikilipua mabomu chini ya ardhi. Alitusimulia mara moja tu, tena kwa kuulizwa. Mwalimu alikuwa akiwatoa darasani wote, wanasimama nje kwenye theluji, ardhi inatikisika, vioo vinalia, halafu wanarudi ndani kuendelea na hesabu. Akasema kilichompeleka kwenye kazi hii ni kutaka kuona moto mmoja usiomtoa mtoto darasani.

Majira ya joto angestaafu. Ndani ya Pete kulikuwa na nafasi moja tu ya bamba la majaribio, na mlango wa Pete ungefungwa, tayari kwa kuwashwa, mara baada ya Nauruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya mwezi Machi. Bamba letu likiwa tayari, lingeingia. Lisipokuwa tayari, nafasi ingekwenda kwa watu wa grafiti wa ghorofa ya chini, wenye bamba lao, majirani wema ambao chai yao nainywa, lakini dua yangu hawakuipata. Oreke angekwenda nyumbani baada ya miaka zaidi ya ishirini ya vigae, bila kuona moto ukigusa hata kimoja. Hilo ndilo lililokuwa linatuuma sote, ingawa mwenyewe hakulisema.

Sungat alipofika mlangoni kwa Oreke alitamka neno ambalo kwetu likishatoka halirudi: "Suyinshi." Mleta habari njema anadai zawadi yake kwanza ndipo aseme, na anayeletewa hana budi kutoa. Oreke alisimama nyuma ya meza.

"Chukua unachotaka," akamwambia.

Na kabla kijana hajafikiri, mzee aliitungua msumarini kofia yake ya manyoya ya mbweha, kofia ambayo mji mzima unaijua, akamvisha. Ilimfika Sungat kwenye nyusi. Ndipo akasema habari: bamba limechomwa na mwali wa elektroni na kupozwa kwa maji, mara elfu moja, na hakuna kigae kilichoonyesha doa la moto. Oreke akakaa. Akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akatuomba tumwache peke yake kidogo.

Tukiwa kwenye ngazi nilimwambia Sungat kwamba kipimo cha mawimbi ya sauti bado, na kwamba waliotangulia walisema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Akanicheka. Akasema nina wivu wa kofia.

Kesho yake tukalipima kwa ile mashine inayotazama ndani ya chuma kama inavyotazama watoto tumboni. Kigae cha kwanza safi, cha pili safi, tukaenda hivyo mpaka cha mwisho, kile cha upande wa mlango. Chini yake kulikuwa na kivuli. Sehemu ya lehemu, kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, haikushika kabisa. Mwali haukuweza kuionyesha kwa sababu ukingoni kulikuwa bado kumeshika, lakini ndani ya Pete kigae kile kisingemaliza wiki. Sungat aliinamisha kichwa mezani akakaa hivyo. Methali yangu ya kanzu niliimeza, na wanaonijua wataelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo kwangu.

Aliirudisha kofia siku hiyohiyo, kaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kuku wa jirani. Oreke aliikataa. Akamwambia zawadi ya habari hairudi, habari ndiyo itaifuata zawadi. Akavaa kofia ya sufu ya mjukuu wake wa kike, ya waridi, yenye kishada juu, akaenda nayo nyumbani kwenye baridi ile. Akaendelea kuivaa kila siku. Sungat naye hakuthubutu kuivaa ile ya mbweha. Aliitundika maabara, akawa anatembea kichwa wazi, masikio mekundu, na mji mzima ukawa unawatazama wawili hao na kucheka. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka mara mbili.

Tulilikata bamba tukaliweka chini ya hadubini. Pale lehemu ilipokataa kushika kulikuwa na mabaki kiduchu, na mashine ikatusomea: chumvi. Sasa chumvi imeingiaje chumba ambacho hata mimi naingia kwa kofia, barakoa na glavu? Nikamgeukia Sungat, maana anakula kurti mchana kutwa, vile vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi, na mifuko yake haikosi unga wake. Nilimpekua. Alikuwa na kurti tatu mfukoni mwa suruali. Akaapa kwa binti yake kwamba hajawahi kuingia nazo mle ndani, nami nikamwambia asimwingize mtoto kwenye kurti zake.

Mwanga ulikuja kwenye chai. Tulikuwa tumenuniana, kila mtu na bakuli lake, na kwa kutafuta suluhu akanionyesha kwenye simu picha ya huyo binti, meno mawili yametoka, anacheka. Mtoto mzuri, wallahi. Nami nikafanya kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikasema, "Loo, mbaya huyu, sura kama kiatu," nikaitemea picha, tfa, tfa, tfa, jicho la hasidi lisimpate. Kitone cha mate kiliruka kikatua kwenye kioo cha simu.

Sungat alitaka kukipangusa kwa mkono wa shati. Mkono ukasimama. Akakitazama kile kitone, akanitazama mimi, na sote wawili tukakumbuka kwa wakati mmoja.

Siku tuliyopanga vigae, kabla sijafunga mlango wa tanuri, Oreke alikuja kuliona bamba. Miwani yake ilikuwa inapata ukungu kwa sababu ya barakoa, akaishusha barakoa kidevuni. Akainama. Akavitazama vigae kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akasema, "Limependeza," na mtu wa kwetu hawezi kusema hivyo akaishia hapo. Tfa, tfa, tfa. Nilimwona. Sungat alimwona. Tulisikia kwa masikio yetu na hatukusikia kitu, kwa sababu ni jambo la kila siku kama kupumua. Kama asingetema ndiyo ningeshtuka.

"Shangazi," Sungat akaniuliza, kama anavyoniita kwa heshima, "tumwambieje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mkurugenzi wa taasisi, Bwana Kenzhetai, alikuwa ametuita kikao. Alitaka chanzo. Kama chanzo kinajulikana na kinatibika, angetupa muda wa kutengeneza bamba la pili kabla ya Nauruzi. Tukimwambia hatujui, nafasi inakwenda kwa grafiti, na mkurugenzi angekuwa na haki. Kwa hiyo ilibidi kusema. Lakini kusema mbele ya taasisi nzima kwamba mzee, kazi ya maisha yake, kaiharibu kwa mate yake mwenyewe? Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hata kwamba ana punje ya wali kwenye ndevu. Nilijaribu mara mbili kwenda ofisini kwake. Mara zote mbili nilikuta ameinama juu ya mchoro wa bamba la pili, na ile kofia ya waridi mezani, nikageuza kwa kisingizio cha chai.

Sungat akakata shauri. Angesema ni kurti. Mwenye kosa la kukimbilia zawadi ni yeye, basi na hili alibebe, tena hata mimi mwenyewe nilishaamini ni kurti. Nilimwambia ni ujinga. Akaniuliza nina wazo gani bora. Tukaandika kurti.

Kikao kilijaa. Hata watu wa grafiti walikuja, wakakaa nyuma kwa adabu kama wageni wa msiba usiowahusu. Sungat alisoma taarifa akitazama karatasi tu. Chumvi, uzembe wake, anaomba radhi. Bwana Kenzhetai ni mtu mkubwa wa umbo na mdogo wa maneno. Akasema vizuri, bamba la pili litengenezwe, ila Sungat asiliguse wala asikanyage chumba kile mpaka mwaka ujao. Kupanga vigae vile kunataka mikono ya Sungat, hakuna mwingine aliyeweza, na bila yeye ruhusa ile ilikuwa sahani bila pilau.

Oreke aliinuka. Aliinuka polepole, akaomba karatasi ya vipimo, akaivuta mbali na macho ili aisome.

"Kurti ina mafuta," akasema. "Hapa hakuna mafuta. Kuna chumvi, tena ya kitone kilichokauka. Nimelijua hili tangu juzi, nikawa nangoja hawa wawili waje waniambie. Hawakuja, kwa sababu wamelelewa vizuri. Haya ni mate, na ni yangu."

Akaikunja ile karatasi.

"Nilikitemea kigae kisipatwe na jicho," akaendelea. "Kumbe jicho lenyewe nilikuwa mimi. Huyu kijana mwacheni afanye kazi. Anayepaswa kutokanyaga chumba kile ni mimi."

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, lakini mimi nimeona wakubwa wengi wanaochagua takataka ipi waipokee na ipi wamrushie mdogo. Machozi yalinilenga nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, na ilikuwa ya Bwana Kenzhetai. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Alipopata pumzi akasema kwamba mwaka jana, lilipoletwa bomba jipya la kuvuta hewa, yeye mwenyewe alilitemea mbele ya waliolileta. Mtu wa grafiti kutoka nyuma akasema na yeye, vifaa viwili. Baada ya hapo kikao hakikuwa kikao tena. Kila mtu alikuwa na kitu alichowahi kukitemea, na Sungat akarudishiwa kazi yake.

Bamba la pili tulilitengeneza kwa matusi. Ilikuwa amri yangu: hakuna kusifu, hata kwa macho. Wakati Sungat anapanga vigae nilisimama pembeni nikiliita sura ya ngamia, kitanda cha mlevi, uso wa mkwe wangu. Oreke alikuwa nje ya kioo, kajifunga barakoa mbili bila kuambiwa, mikono nyuma. Kigae cha mwisho kilipokaa alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa na kuashiria kwamba hajawahi kuona kitu kibaya namna ile. Nikafunga mlango wa tanuri kwa furaha.

Likachomwa, likapozwa, likachomwa tena. Safari hii Sungat hakukimbia. Tulipima kwa mawimbi kigae kwa kigae, tukarudia, nikamlazimisha arudie mara ya tatu. Hapakuwa na kivuli. Akaenda msumarini, akavaa ile kofia ya mbweha kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatembea uwanjani taratibu kama bwana harusi. Oreke alikuwa dirishani. Aliiona kofia inakuja, akajua.

Siku ya kuwasha, bamba likiwa ndani ya Pete, tulijazana chumba cha kuongozea mitambo. Oreke alipewa kiti cha mbele akakikataa, akasema cha mbele ni cha wanaofanya kazi, akakaa nyuma yetu karibu na birika. Kwenye skrini kulikuwa na giza, na katika giza umbo la vigae vyetu. Mwanamke wa sumaku akahesabu kurudi nyuma. Moto wenyewe hauishi zaidi ya sekunde chache, ukipepesa macho umekupita. Ukaja. Pazia la zambarau lilishuka na kuugusa mstari wa vigae, vikang'aa kwa upole kama makaa ya chini ya jiko, kisha giza. Watu wa vipimo wakasema joto limepita kama lilivyopigiwa hesabu, maji salama, bamba zima. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Tulipogeuka kumpongeza mzee tukamkuta bado ananyoosha shingo. Bwana Kenzhetai, kwa furaha yake, alikuwa ameinuka mbele yake katika sekunde zilezile. Na mtu yule ni ukuta. Oreke hakuona kitu, isipokuwa mgongo wa mkurugenzi.

Bwana Kenzhetai alipotambua alikosa pa kuweka mikono yake, akaanza kuomba radhi na kushindwa kumaliza. Sungat alikuwa karibu kulia, akasema watu wa kamera wanaweza kurudisha picha, ataonyeshwa polepole, mara nyingi atakavyo. Sote tukawa tunaongea kwa pamoja kama watu waliovunja chombo cha mwenyewe.

Oreke alitusikiliza mpaka tukaisha.

"Mbona mnanilia?" akasema. "Tungekuwa tumetengeneza bamba la moto mmoja, ningelia na ninyi. Waambieni wawashe tena."

Mwanamke wa sumaku akasema sumaku zinahitaji nusu saa kupoa. Oreke akasema yeye hana haraka. Akakisogeza kiti mpaka mbele kabisa, na Bwana Kenzhetai akakaa sakafuni. Nikamimina chai. Baada ya nusu saa moto ukaja, akauona, akanyoosha bakuli niongeze. Wakawasha tena akauona, na tena, mpaka nje jua likazama nyikani na mkewe akapiga simu kuuliza kama anakuja kula au vipi, akamjibu bado kidogo.